Binti Yangu Ana Miaka 28, na Mimi Ndiye Ninayemwombea Kazi

Ndugu Mshauri,

Mimi ni baba wa watoto wawili, nina umri wa miaka 59 na nimebakiza miezi 14 kustaafu. Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja nami nitaiandikia, tena kwa siri, kwa kuwa mke wangu naye huisoma. Ndiyo maana nimeacha majina na mambo machache ambayo yangemfanya anitambue mara moja.

Binti yangu ndiye mtoto wangu wa kwanza na ana umri wa miaka 28. Tangu utotoni alikuwa na bidii na aibu kidogo. Mgeni akibisha hodi, yeye alikuwa wa kwanza kupotea. Alipomaliza chuo alipata kazi ya uhasibu na akaifanya kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Kisha siku moja mkuu wake wa kazi alimkaripia mbele ya wenzake kwa kosa la hesabu ambalo baadaye ilionekana halikuwa lake. Wiki ile ile aliacha kazi, akarudi nyumbani na mabegi mawili, akaniomba miezi miwili ya kupumzika. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita.

Tangu wakati huo maisha yake yamekuwa ya chumbani. Hulala mchana na huamka usiku, na hula peke yake sisi tukishalala. Ndugu wakija haonekani, nami ndiye ninayesema kwamba amesafiri. Mwaka wa kwanza nilinyamaza. Mwaka wa pili nikaanza kumtafutia kazi mwenyewe: ninaandika barua za maombi kwa jina lake, ninajaza fomu, ninajibu barua pepe kana kwamba mimi ni yeye. Ameitwa kwenye usaili mara tatu. Mara ya kwanza aliondoka akarudia njiani. Mara ya pili hakutoka chumbani, nikapiga simu kusema ana homa. Mara ya tatu, na ninaona haya kuliandika hili, nilisema amefiwa na bibi yake, ambaye alikwisha fariki dunia miaka mingi iliyopita.

Kuna pia habari ya madeni. Alirudi na deni la siku za kazi, nikamlipia. Baada ya mwaka mmoja akakopa tena kwa ajili ya mambo nisiyoyajua vizuri, nikalipa tena kutoka kwenye akiba yangu ya uzeeni. Mke wangu aligundua deni la kwanza alipoiona stakabadhi. La pili hana habari nalo.

Mke wangu anataka aondoke nyumbani mwisho wa mwezi. Huniambia kila siku kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na akipita mbele ya mlango wa chumba chake husema maneno ambayo sitayaandika hapa. Akishasema, mimi huingia na kumtia binti yangu chochote mkononi ili kumtuliza. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 23, siku hizi haji nyumbani ila kwa nadra. Mara ya mwisho aliniambia, "Baba, ili mtu aonekane katika nyumba hii sharti aanguke kwanza."

Mwezi uliopita nilijaribu kuwa imara nikamwambia binti yangu kwamba sitamlipia simu tena. Alinitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, na wewe ukiniacha, sina sababu ya kuendelea." Nililipa usiku ule ule.

Kila ninayemweleza ananiambia niweke mipaka. Mipaka ipi? Nikimtoa nyumbani naye akajidhuru, mpaka huo utanifaa nini? Na je, ni mimi niliyemharibu?

Baba Njia Panda

*

Shikamoo mzee wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale pale: usiku ambao binti yako alikuambia kwamba hana sababu ya kuendelea. Uliipitia kauli hiyo kwa haraka ukakimbilia habari ya mipaka, lakini mimi nitaanza nayo, kwa sababu mengine yote uliyoniuliza yanaweza kusubiri wiki, na hilo lisisubiri hata siku moja.

Nyumba ikitulia leo, bisha hodi chumbani kwake, keti, umuulize waziwazi: "Uliposema huna sababu ya kuendelea, ulikuwa unafikiria kujiua?" Litumie neno hilo hilo bila kulizungusha. Wazazi wengi huogopa kwamba kulitaja ni kumpa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo; Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba sivyo, na kwamba mtu anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu kwa kuweza hatimaye kulisema. Akijibu ndiyo, muulize kama amefikiria njia na wakati. Akiwa na lolote kati ya hayo, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari vilivyo karibu naye, na umfikishe saa hiyo hiyo kwenye huduma ya dharura ya hospitali, hata kama atakukasirikia kwa muda mrefu. Akijibu hapana, mshukuru kwa kukujibu, na kauli yake bado ifike kwa daktari.

Sasa tazama ulichokifanya usiku ule. Mtoto alitamka jambo linalogusa kifo, nawe ukajibu kwa kulipia simu. Sikulaumu, kwa maana baba aliyeshikwa na hofu hunyoosha mkono kwenye kile kilicho karibu, na kilichokuwa karibu nawe ni fedha. Lakini malipo yale hayakugusa alichokisema. Kama alikuwa anaumia, aliamka siku ya pili akiumia vile vile, ila sasa ana simu inayofanya kazi. Na kama sehemu ya maneno yale ilikuwa ya kukuzuia usifunge mkono, basi amejifunza kwamba maumivu yake husikika yakikaribia kaburi. Yote mawili yanaweza kuwa ya kweli kwa pamoja, na huna haja ya kupambanua lipi ni lipi. Kauli ya namna hiyo ijibiwe kila mara kwa kukaa naye na kwa daktari, na isijibiwe hata mara moja kwa fedha. Huo ndio mpaka wako wa kwanza, na unaona kwamba haumfukuzi mtu popote.

Mimi si daktari wa binti yako na sitampa jina la ugonjwa kwa kusoma barua. Hata hivyo, mtu aliyeugeuza usiku kuwa mchana, anayejificha ndugu wakija, anayerudia njiani akielekea kwenye usaili na anayezungumza kwa kukata tamaa, anapaswa kuchunguzwa kama ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au ule wasiwasi mkali wa kuwa mbele za watu, au vyote viwili. Madaktari huanza kuifikiria sonona dalili zikidumu kwa wiki mbili tu. Nyumbani kwenu imepita miaka mitatu ya kubishana kama ni uvivu. Umeandika pia, kwa kupita tu, kwamba alikuwa mtoto mwenye aibu anayepotea mgeni akibisha hodi. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioongozwa na Ronald Kessler na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba nusu ya maradhi ya akili huwa yameanza mtu akiwa na miaka 14, na robo tatu akiwa na miaka 24. Inawezekana kabisa kwamba yule mkuu wa kazi aliusukuma mlango ambao ulikuwa umelegea siku nyingi. Ninalisema hili kwa sababu ninyi wawili mmeijenga habari yote juu ya siku ile moja ya karipio, na mtu anayedhani kwamba tatizo lilianza siku moja hungoja liishe siku moja.

Matibabu yapo. Ipo tiba ya mazungumzo ambayo humfundisha mtu kukikabili kidogo kidogo kile anachokiogopa, na zipo dawa, na wengine huhitaji vyote. Ugumu ni kwamba ana miaka 28 na anaweza kukataa kwenda. Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa, na hapo ndipo ninapotaka kukupa habari ambayo huenda hukuitarajia: akikataa, nendeni ninyi.

Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale ametengeneza tiba ambayo mtaalamu hukutana na wazazi peke yao, mtoto asipokuwepo. Aliianza kwa watoto wadogo wenye wasiwasi, kisha akaipeleka kwa wazazi wa watu wazima waliokwama nyumbani. Msingi wake ni mwepesi kuueleza na mzito kuuishi. Mtu akiogopa jambo, wanaompenda huanza kuipisha hofu yake, kama watu wanavyompisha mwenye mzigo mkubwa njiani: wanasema kwa niaba yake, wanaomba radhi kwa niaba yake, wanapanga nyumba nzima ili asikutane na kinachomtisha. Kila wanapopisha, wote hupata nafuu kwa saa ile, na siku inayofuata hofu inahitaji njia pana zaidi. Mzazi katika tiba hii hufundishwa kupunguza kupisha, taratibu na kwa mpango, huku akimwonyesha mtoto kwamba anauelewa uchungu wake na anaamini ataumudu. Hakuna anayelazimishwa kubadilika isipokuwa yule aliyekuja kuomba msaada.

Swali lako, "Mipaka ipi?", ni swali zuri kuliko majibu uliyopewa, na jibu lake limo ndani ya barua yako mwenyewe. Nimehesabu vitenzi. Ninaandika, ninajaza, ninajibu, nilipiga simu, nilisema, nililipa, nililipa tena. Vyote hivyo vinafanywa na wewe. Watu wakisikia neno mpaka hufikiria amri anayopewa mtoto: amka saa moja, tafuta kazi, ondoka. Amri hizo haziwezi kutimia bila ridhaa yake, na kwa hiyo akikataa unabaki na mambo mawili tu, kupiga kelele au kusalimu amri, na nyumbani kwenu mmegawana, mke wako kachukua la kwanza nawe umechukua la pili. Mpaka ninaouzungumzia hapa huanza na "mimi" na hukamilika hata yeye akiwa amelala. "Sitapiga tena simu kwa mwajiri." Hilo halihitaji akubali, halihitaji aamke, na halihitaji mtu yeyote apaze sauti.

Niseme neno juu ya methali ya mke wako, kwa kuwa nadhani nyote wawili mmeisikia nusu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Huitumia kana kwamba inamtaka mzazi amlize mtoto. Lakini anayetajwa humo ni mchelea, na kuchelea ni kuogopa lisije jambo likatokea. Methali inamtazama mzazi na hofu yake. Haikusema mpige, haikusema mfukuze. Imesema tu kwamba mzazi anayeendeshwa na hofu ya chozi atalipata chozi hilo mwenyewe. Ulipompigia mwajiri simu ya msiba, mzee wangu, hofu ya nani ilikuwa inatulizwa? Nadhani nusu yake ilikuwa yako.

Hata hivyo simwungi mkono mama katika kumtoa nyumbani mwisho wa mwezi. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mpya katika kazi hii, nilimjibu mzazi mmoja mwenye habari iliyofanana na yako kwamba abadilishe kufuli. Yalikuwa majibu ya kupendeza kwenye karatasi, na watu walinisifu kwa ukali wangu. Yule mzazi aliniandikia tena baada ya miezi michache, akanieleza mahali alipokwenda kumchukua mwanawe na hali aliyomkuta nayo. Sijawahi tena kumshauri mtu amfukuze mtoto ambaye hajaonwa na daktari, isipokuwa pale ambapo watu wa nyumbani wanapigwa au wanatishiwa. Wewe hujaniambia chochote cha namna hiyo.

Na kelele za mlangoni nazo zikome, kwa sababu ambayo haihusiani na adabu. Kuanzia miaka ya 1950, mtafiti George Brown wa London aliwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia, yaani ugonjwa mzito wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, waliotoka hospitali, akataka kujua kwa nini baadhi yao huugua tena upesi. Aligundua kwamba hali ya nyumba waliyorudia ilikuwa na uzito mkubwa: penye lawama na uhasama, na pia penye mzazi anayejiingiza mno katika kila jambo la mgonjwa, ugonjwa ulirudi zaidi. Watafiti waliofuata waliona jambo kama hilo kwa wenye sonona pia. Soma hapo tena, mzee wangu, kwa maana makosa yametajwa mawili, na nyumba yenu ina yote mawili chini ya paa moja. Tena yanalishana. Mama akipaza sauti, wewe unakwenda kufidia kwa fedha. Mama akiona fedha, anapaza sauti zaidi. Na katikati yenu yuko mtu ambaye hajawahi kupata jibu moja kutoka kwa wazazi wake wawili.

Kutopata jibu moja kuna madhara yake. Mwanasaikolojia B. F. Skinner, aliyewachunguza njiwa na panya kwa miaka mingi, alionyesha kwamba tabia inayotuzwa mara moja moja bila utaratibu ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi kufutika. Njiwa anayepata punje kila anapodonoa huacha mapema punje zikikatika, na yule aliyezoea kupata kwa kubahatisha huendelea kudonoa hata pasipo na kitu. Simfananishi binti yako na ndege. Ninaifananisha hapana yako ya mchana inayogeuka kuwa ndiyo usiku. Kwa sababu hiyo nakusihi usiweke mpaka wowote ambao huna hakika kwamba utaushika. Ni heri mipaka miwili iliyoshikwa kuliko saba iliyovunjwa.

Kama mimi ningekuwa mahali pako, miwili hiyo ingekuwa hii. Wa kwanza, huandiki, hujibu wala hupigi simu tena kwa jina lake, na ndugu wakija husemi kwamba amesafiri. Utasema, "Yuko ndani, leo hajisikii kuona watu," ambayo ni kweli na haimdhalilishi. Wa pili, hulipi deni jipya, hudhamini mkopo, na akiba ya uzeeni haiguswi tena kwa ajili ya mtoto yeyote. Miezi 14 ni michache. Baba aliyemaliza akiba yake hatimaye huwa mzigo kwa watoto wale wale aliotaka kuwaokoa, na wa kwanza kuubeba mzigo huo kwenu atakuwa yule kijana wa miaka 23.

Simu iache kwanza. Ulikosea mahali pa kuanzia, kwa kuwa kwa mtu anayeishi chumbani simu huenda ndiyo dirisha pekee lililobaki, na kulifunga kabla ya kumfungulia mlango mwingine kungemwacha gizani. Paa na chakula pia viache. Akishaanza matibabu na kupata nguvu kidogo, mtazungumza juu ya sehemu yake katika kazi za nyumba na baadaye katika gharama. Lugha yetu imelipa neno mpaka kazi mbili, ya mstari na ya wakati, nanyi mmekosa zote mbili: aliomba miezi miwili na hakuna aliyekaa naye miezi hiyo ilipokwisha. Kwa hiyo pangeni siku moja kila baada ya wiki sita ya kuketi watatu na kutazama nini kimesogea, hata kama kilichosogea ni kidogo.

Habari hii mpeni kwa maandishi, kwa jina la wazazi wote wawili, wakati ambapo hakuna aliyekasirika. Haim Omer wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, ambaye amewafundisha wazazi wengi kushikilia msimamo bila ugomvi, huwasisitizia wasubiri hasira ipoe ndipo wajibu, na sijaona ushauri wa malezi unaozidi huo kwa faida. Waraka usizidi ukurasa mmoja. Unaweza kuwa hivi:

"Binti yetu, tumetambua kwamba kutoka nje na kukutana na watu kunakuumiza kuliko tulivyokuwa tukikubali, na tunasikitika kwamba tumelifanya jambo hilo kuwa la lawama au la kuficha. Tunaamini unaweza kuumudu ugumu huu hatua kwa hatua. Kuanzia tarehe mosi, baba hataandika tena maombi ya kazi kwa jina lako wala kuzungumza na waajiri, na hakuna kati yetu atakayelipa deni jipya. Hapa ni nyumbani kwako. Tumeweka miadi na daktari. Tungependa kwenda nawe, na siku hiyo ikiwa ngumu kwako tutakwenda wenyewe, kwa kuwa nasi tunahitaji msaada. Tunakupenda."

Angalia kwamba hamna neno "lazima" wala "usipofanya hivi". Mkabidhini, mketi naye dakika chache, kisha mtoke bila mjadala. Anaweza kuuchana. Si neno, wekeni nakala.

Baada ya hapo jiandae, kwa sababu mambo yatachafuka kabla ya kutulia. Tuzo ikikatika, tabia iliyokuwa ikituzwa huweza kuongezeka kwanza. Atanyamaza siku nyingi, au atalia, au atakuja kwako peke yako usiku, kwa kuwa anajua mlango laini ni upi. Kauli ya kujidhuru ikirudi, unajua la kufanya, na si kutoa fedha. Mengineyo yajibu kwa maneno machache yale yale: "Naona inakuuma. Hilo sitalifanya. Niko hapa." Usieleze sana, maelezo marefu humwonyesha mtu kwamba bado kuna nafasi ya kujadiliana.

Lakini ukipunguza msaada wa aina moja bila kuongeza wa aina nyingine, atakachokiona ni kuachwa tu. Katika barua yako yote sikuona hata mara moja mkizungumza, wewe na yeye, jambo lisilohusu kazi, fedha au aibu. Yeye yuko macho usiku. Amka mara mbili kwa wiki, keti naye anapokula. Usimuulize amefanya nini. Mkumbushe kisa cha zamani, mwombe akuonyeshe anachokitazama, cheza naye mchezo wowote. Akiwa tayari, tembeeni nje saa ambayo hakuna watu, hata kama ni hadi kona ya kwanza na kurudi. Kwa mwenye wasiwasi, kona hiyo ni mbali kuliko unavyodhani, na akiifikia usimsifu kupita kiasi kama mtoto wa miaka mitatu. Tembea naye tena kesho. Tena safari hii humpishi hofu njia, kwa kuwa anayetembea ni yeye.

Mwanao wa kiume amekuambia jambo zito, nawe umelinukuu bila kusema ulimjibu nini. Nenda kamtembelee, bila kumtaja dada yake.

Uliuliza kama ni wewe uliyemharibu. Hukumpa ugonjwa, kama ni ugonjwa. Umechangia kuurefusha, pamoja na mke wako, kila mmoja kwa njia yake, na mchango huo ndio ulio mikononi mwako kuubadilisha. Zaidi ya hapo swali hilo halina kazi kwa sasa, na ukilikuta saa nane za usiku limekaa kitandani pako, lipeleke kwa yule mtaalamu mtakayemwona.

Limebaki deni la pili. Hakuna neno katika ule waraka litakalosimama ikiwa mmoja wa wanaoutia sahihi hajui fedha za nyumba zilikwenda wapi, na binti yako, ambaye analijua deni hilo, ataujua udhaifu huo kabla ya mwisho wa wiki. Mwambie mama kiasi chote, tarehe, na kwamba ulimficha kwa hofu, kisha mwache akasirike bila kujitetea. Fanya hivyo leo, mzee wangu. Umeondoa majina, lakini umeacha bibi aliyefariki mara mbili, mabegi mawili na methali anayoisema kila siku, na mke wako huisoma safu hii.